Linavutwa, Lakini Halisogei

Juni 2

Msimu wa wageni umefunguliwa na mimi nina daftari jipya, kalamu mbili na mdomo uleule. Mama anasema nikiandika ninayoyafikiri huenda nikapunguza kuyasema. Tutaona.

Kwa yeyote atakayelifungua daftari hili bila ruhusa: mimi ni dereva katika kampuni ya kurusha watu kwa puto. Alfajiri tunalitandaza puto uwanjani, feni inalijaza hewa, kisha rubani anawasha kichomeo cha gesi na lile dude linainuka, kubwa kuliko nyumba tunayopanga. Wakati wote huo limefungwa kwa kamba nene kwenye gari langu, lisije likaondoka kabla ya wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza: kuwa nanga. Abiria wakishapanda kwenye kikapu, rubani anafyatua kamba, wanakwenda na upepo, nami nawafuata kwa barabara hadi wanapoangukia. Rubani hapendi neno hilo. "Tunatua," ananisahihisha. "Wanaoanguka ni walevi."

Rubani mwenyewe ni dada yangu, wa tumbo moja. Wateja wamembandika jina la Unyoya kwa jinsi anavyotua. Nampenda na najivuna naye. Niliandike hilo mapema kabla sijaanza kumsema.

Juni 5

Shwari. Walitua kwenye malisho. Ng'ombe walishangaa kuliko abiria.

Juni 11

Upepo. Puto lilipoinuka, kigari chetu kiliburutwa huku nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, matairi yakichora mistari kwenye nyasi. Dada akazima kichomeo, akasema leo basi, tuonane kesho. Wateja walinuna. Bosi alinuna kuliko wateja, na Bosi ni mtu anayemwita kila mtu "rafiki yangu", hata anapomfukuza kazi.

Juni 14

Bosi ameleta gari jipya! Zito, pana, lina matairi yanayonifika kiunoni. Nimelizunguka, nimelipapasa, na kama si aibu ningelibusu taa. "Hili halivutwi hata na shetani," Bosi alisema, akalipiga kofi ubavuni. "Sasa ule mchezo wa kuahirisha umekwisha." Maneno hayo sikuyatilia maanani, maana nilikuwa najaribu honi.

Juni 23

Upepo kama ule wa tarehe kumi na moja, au zaidi. Gari halikusogea. Tukaruka.

Juni 24

Upepo. Gari halikusogea. Tukaruka. Kikapu kilidunda mara mbili wakati wa kutua, na bwana mmoja akapoteza miwani. Dada alishuka anacheka, nywele timtim. Nikacheka naye.

Juni 30

Leo kulikuwa na kikao cha wafanyakazi, yaani Bosi alizungumza na sisi tukanywa chai. Ajenda ilikuwa mazoezi ya kutua. Kila safari, kabla ya kuruka, rubani huwaonyesha abiria mkao: chuchumaa kidogo, magoti yalegee, mgongo uelekee tunakokwenda, mikono kwenye vishikio vya ndani, simu mfukoni. Kisha kila mmoja hujaribu. Ni dakika chache tu. Bosi anasema dakika hizo zinaharibu biashara.

"Rafiki zangu, mtu amekuja kufurahi, nyinyi mnamchuchumaza kama anayejifungua! Picha zinakuwa mbaya, watoto wanalia, jua linachomoza kabla hatujaruka. Wafundisheni wakiwa juu, mkikaribia kutua."

Nilitazama upande wa dada, nikijua atamkata kauli. Dada alikoroga chai. "Sawa," alisema. "Inawezekana."

Inawezekana, ndiyo. Hata kufunga mkanda baada ya ajali kunawezekana.

Julai 3

Upepo. Gari halikusogea. Tukaruka.

Julai 8

Nilikuwa naosha gari ndipo likanijia jambo, nikabaki nimeshika kitambaa kinachochuruzika. Zamani tulijuaje kwamba leo si siku ya kuruka? Kigari kilikuwa kinaburutwa! Hakuna aliyebishana nacho, hata Bosi. Sasa tumeleta gari lisiloburutwa, tukaamini tumeupunguza upepo. Upepo uko palepale. Tulichoondoa ni kengele.

Nikamwambia dada wakati wa chakula. Akanisikiliza vizuri tu, mpaka nikadhani nimeeleweka.

"Kuna kipima upepo," alisema.

"Na juzi kilisemaje?"

"Kilikuwa mpakani."

"Mpakani upande gani?"

"Mdogo wangu, nina saa nyingi angani kuliko wewe ulizowahi kulala. Endesha gari."

Mama akasema tusigombane mezani. Sikugombana. Nilinyamaza kwa kelele, kama Mama anavyopenda kusema, nikaosha vyombo kwa fujo.

Julai 12

Upepo. Gari halikusogea. Tukaruka. Nimeanza kuichukia sentensi hii.

Julai 19

Nitaandika kila kitu kwa utaratibu, kwa sababu tayari nimesikia watu wakianza kukivuruga.

Abiria walikuwa wanane. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, wanawe ndio waliomlipia. Alivaa gauni la buluu alilolishona mahususi kwa safari hii, lenye mifuko mikubwa. "Ya kutilia mawingu," aliniambia. Nikampenda papo hapo.

Feni ilipowashwa, puto likaanza kuyumba huku na huku. Dada akawasha kichomeo, likainuka, kamba ikakaza. Gari lilitikisika, kisha likaanza kulalamika chini ya kiti changu, mlio mzito ambao sijawahi kuusikia. Breki ilikuwa inanirudishia mguu. Nikashika redio.

"Dada, gari linavutwa."

"Nimesikia."

"Linavutwa sana. Tungoje kidogo?"

"Linavutwa, lakini halisogei," alisema. "Kaa hapohapo, mdogo wangu."

Nayaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Redio ni mbili tu, moja kwake na moja kwangu. Abiria walikuwa chini ya ule muungurumo wa moto, hawakusikia kitu.

Wakapandishwa harakaharaka. Mazoezi hayakufanyika. Kamba ikafyatuliwa, na badala ya kwenda juu, wakaenda mbele, wakipita juu ya ua wa uwanja karibu kuugusa. Nikawasha gari. Kwa kawaida huwa nafika kabla yao na nasubiri nikila njugu. Leo nilikimbiza kama mwizi na bado waliniacha.

"Natua sasa," dada alisema redioni. Mbele yao kulikuwa na nyaya za umeme, alikuwa hana hiari. Niliuona uwanda kwa mbali, nikaona kikapu kikipiga chini, kikaruka, kikapiga tena, kikalala ubavu, na puto likaendelea kukiburuta na watu wamo ndani. Niliacha gari mlango wazi nikakimbia. Dada alikuwa amening'inia kwenye kamba ya kutolea hewa, anavuta kwa uzito wake wote, damu inamtoka kidevuni. Hilo nalisema kwa haki: hakuiachia mpaka puto liliponywea.

Saba walitoka na michubuko na vilio. Fundi hakutoka. Kikapu kilipopiga chini alikuwa amesimama wima, simu mkononi, anarekodi, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae vingine. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia kusikofaa. Nilipiga magoti kando yake, nikamshika bega.

"Samahani, mwanangu," aliniambia. "Naona nimewachelewesha."

Nililia. Naandika hivyo bila aibu. Nililia kwa hasira.

Dada alikaa kwenye nyasi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Upepo umebadilika ghafla." Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Haukubadilika. Ulikuwa uleule tangu alfajiri.

Julai 21

Hospitalini. Kifundo cha mguu kimevunjika vibaya, wameweka vyuma. Fundi alituuliza mimi na Mama tumekula nini. Alimsifu muuguzi, akalisifu dirisha. Adabu yake ilinichoma kuliko matusi. Tulipoaga tu ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huo mguu ndio wa cherehani," akaugeuzia uso ukuta.

Bosi alipita na maua. "Mambo ya Mungu, mama. Upepo hauna adabu."

Mungu hakuwa na redio pale uwanjani, Bosi. Ningesema, lakini Mama alinifinya.

Julai 26

Mkaguzi wa mambo ya anga amekuja, bwana mpole mwenye tai fupi. Alituhoji mmoja mmoja, kisha pamoja ofisini, chini ya picha kubwa ya dada anayetabasamu. Bosi alisema upepo wa ghafla. Mimi nilisema nilimwonya rubani kwa redio, nikataja na jibu lake.

Mkaguzi akamgeukia dada. "Ni kweli dereva alikuonya?"

Dada alitazama mikono yake. "Sikumbuki," alisema.

Sikumbuki! Mtu anayekumbuka siku niliyomvunjia kitana tukiwa watoto!

"Basi huenda dereva hakuonya," Bosi akadakia upesi. "Huenda nanga haikusimamiwa vizuri. Rafiki yangu, huyu binti ana maneno mengi baada ya tukio."

Sasa nimeelewa mchezo. Upepo ukishindwa kubeba lawama, nitabebeshwa mimi. Neno la dada peke yake ndilo linaloweza kuizuia, na dada hakumbuki. Kikao cha uamuzi kitakuwa Septemba. Mpaka hapo tunaruhusiwa kuendelea kuruka.

Julai 27

Vita nyumbani. Nilimsubiri atoke bafuni, hana pa kukimbilia, kichwani ana taulo.

"Unakumbuka au hukumbuki?"

"Wajua leseni ni nini kwangu?"

"Nimeuliza unakumbuka au hukumbuki."

"Wakiichukua nitafanya nini? Nitauza vitunguu?"

"Wauza vitunguu hawavunji watu miguu."

Alinipita akanigonga bega. Mama alikuwa mlangoni, kashika ufagio. "Ni dada yako," aliniambia, kama anayenipa habari mpya. "Uongo mmoja mdogo, mkaendelea kuishi."

"Na nikiambiwa mimi ndiye niliyemvunja yule mama?"

Mama alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Hapo nikajua kwamba kati yetu wawili Mama alishapiga hesabu nani ana cha kupoteza zaidi, na jibu halikuwa mimi. Imeniuma. Lakini sibadilishi neno hata moja, wapende wasipende.

Agosti 4

Shwari. Hatusemeshani. Redioni tunasema "tayari" na "sawa".

Agosti 9

Shwari. Nilikwenda kwa fundi. Cherehani imefunikwa shuka. Tulitazama vitambaa vya watu vinavyosubiri. Aliniomba nimsomee vipimo huku anakata akiwa kitandani, na akanicheka jinsi ninavyoshika mkasi.

Agosti 16

Upepo. Na leo sentensi haiendelei kama zilizotangulia.

Tulifika uwanjani giza halijaisha, na bendera ya ofisi ilikuwa inapiga makofi. Puto likatandazwa. Wasaidizi wakaleta kamba. Mimi nikatoa funguo, nikazitia mfukoni, nikashuka, nikakaa juu ya boneti.

"Sifungi," nikasema.

Bosi alikuja mbio. "Rafiki yangu, wageni wanatazama."

"Waache watazame. Kama puto haliwezi kusimama bila kufungwa kwenye gari zito namna hii, lisisimame."

"Nani rubani hapa? Wewe au dada yako?"

"Dada yangu. Mwulize kama anakumbuka."

Wageni walikuwa wamesogea, kumi kwa jumla, wamejifunika mashuka ya baridi. Bwana mmoja mnene akauliza kuna nini. Bosi akasema ni hitilafu ndogo ya gari. Hapo nikashuka kwenye boneti.

"Ndugu zangu," nikasema, "nani ameonyeshwa namna ya kukaa mkitua?"

Wakatazamana.

"Tunakaa?" aliuliza bibi mmoja. "Kuna viti?"

"Hakuna viti. Haya, nionyesheni mnavyodhani."

Naapa, hata katikati ya hasira nilitaka kucheka. Mmoja aliinua mikono juu. Wawili walikumbatiana. Yule bwana mnene alisimama mguu sawa kama askari wa gwaride, miguu imenyooka kabisa, kama alivyosimama fundi, na hamu ya kucheka ikaniisha.

"Hivyo hivyo," nilimwambia. "Hivyo ndivyo mama mmoja alivyovunjika mguu mwezi uliopita."

Bibi alivua shuka, akalikunja vizuri, akamkabidhi Bosi. "Mimi nitapanda basi," akasema. Wengine wakamfuata hadi ofisini kudai chao.

Dada alikuwa amesimama kando ya kikapu muda wote huo, mikono ndani ya glavu. Nilingoja anitukane. Aliinama, akaanza kulikunja puto.

Agosti 17

Nimefukuzwa kazi. "Rafiki yangu," alianza. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaelewa.

Nilirudi nyumbani nikanywa chai asubuhi kweupe kama mwenye mali. Mama ananipitia kwa mbali. Najua nitalia baadaye, ila leo sijutii hata chembe.

Agosti 30

Mambo mageni. Dada amerudi mapema, akakaa kitandani kwangu na viatu vyake vya matope. Sijamsikia akinisemesha tangu siku ile ya taulo, kwa hiyo nilijifanya nasoma.

"Dereva mpya haniambii kitu," alisema.

"Ana heshima, basi."

"Redio iko kimya kila siku. Leo kulikuwa na upepo. Nikamwuliza, gari vipi? Akasema, shwari rubani, halisogei."

Nikaliweka gazeti chini.

"Nikamwuliza, linavutwa? Akasema, mimi nimeambiwa nitazame kama linasogea." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikuruka."

Nilikuwa na maneno kibao, yamejipanga mlangoni. Nikayameza. Bado hakusema kama anakumbuka, nami nilikataa kumwomba. Nilimwomba avue viatu tu.

Septemba 6

Kikao kimekwisha. Mama amejifungia chumbani. Naandika jikoni.

Kilifanyika kwenye ukumbi mdogo, meza ina kitambaa cha kijani, viti vya plastiki vinavyolia ukijigeuza. Bosi alivaa suti. Fundi aliletwa na mwanawe, akaketi mstari wa mbele, magongo mapajani. Nilihojiwa kwanza. Nilisema yaleyale ya Julai, kwa mpangilio uleule, sikumtazama dada. Bosi akasema tena habari za nanga kutosimamiwa. Kisha mkaguzi akafunua karatasi zake.

"Rubani, Julai ulisema hukumbuki kama ulionywa. Leo?"

Dada alisimama. Hakuambiwa asimame.

"Nakumbuka," alisema. "Alinionya mara mbili. Nikamjibu kwamba gari linavutwa lakini halisogei."

Kiti cha Bosi kililia.

"Kwa nini ukaruka?"

"Nilikuwa nimezoea. Nilitua salama siku nyingi mbaya, nikaanza kuziita nzuri."

"Na mazoezi ya kutua?"

"Wazo lilikuwa la Bosi. Aliyekubali ni mimi. Ndani ya kikapu hakuna Bosi."

"Ripoti ya kampuni inasema ni upepo," mkaguzi alisema, taratibu, kama anayempa nafasi ya mwisho ya kutoroka.

"Upepo ulikuwepo," dada alisema. "Lakini upepo hauna leseni. Leseni ninayo mimi." Akaitoa mfukoni, akaiweka kwenye kile kitambaa cha kijani.

Mkaguzi ameizuia leseni mpaka atakapoamua vingine, na kampuni imefungiwa kuruka. Bosi alitoka bila kumwita mtu yeyote rafiki. Nilitaka kushangilia, lakini dada alikuwa amebaki mikono mitupu katikati ya ukumbi, na sikujua naruhusiwa kumgusa au la.

Ndipo fundi alipoinuka juu ya magongo yake. Mwanawe alitaka kumsaidia, akamkataza. Alimwendea dada, polepole, mpaka wakawa uso kwa uso. Nilidhani atamshukuru. Dada naye, naona, alidhani hivyo, akafungua mdomo.

"Nyamaza," fundi alisema. "Tangu Julai watu wananiletea pole za upepo. Nimevumilia, nimetabasamu, maana upepo utaufanya nini? Sasa ni wewe. Wewe!"

Na akaanza. Sikujua mama yule ana sauti kubwa kiasi kile. Alitaja mguu, vyuma, nguo za harusi alizozirudisha kwa wenyewe hazijashonwa, choo anachopelekwa na mwanawe wa kiume. Alilitaja gauni la buluu, lililokatwa kwa mkasi hospitalini. Alipiga gongo sakafuni. Watu walichungulia mlangoni. Mkaguzi alianza kuinuka, akaona afadhali akae.

Dada hakuinamisha kichwa wala hakusema samahani ili amkatize. Alisimama palepale, akaipokea lawama yote, machozi yanamtiririka na mikono iko ubavuni. Nilikwenda nikasimama kando yake. Sikumshika, kwa sababu lawama hiyo haikuwa ya kugawana.

Fundi alipomaliza alikuwa anahema. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaomba maji ya kunywa.

Dada ndiye aliyekwenda kuyaleta.